Mchezo Umekwama Wapi?

Kampuni ya Mojang ya Sweden ilipotoa toleo kamili la mchezo wa Minecraft tarehe 18 Novemba 2011, wachezaji walikuwa na kitu ambacho michezo mingi ya biashara huwanyima wateja wake: programu ya seva. Programu hiyo hupakuliwa bure na huwashwa kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Mwenye kompyuta huwa mwenyeji wa ulimwengu wake mwenyewe, akawaalika anaowataka na kuweka sheria anazozitaka. Kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 za mchezo huo zilikuwa zimeuzwa, na naamini uhuru huo wa kukaribishana ni moja ya sababu watu hawajauchoka. Lakini siku ya kwanza ya uenyeji huleta mtihani unaofahamika sana. Mwenyeji anaingia vizuri kwenye seva yake. Rafiki aliye mtaa wa pili anaandika anwani aliyopewa, anasubiri, kisha kioo kinamwambia kwamba imeshindikana. Hapo kubahatisha huanza: ruta inazimwa na kuwashwa, mchezo unafutwa na kupakuliwa upya, ulinzi wote wa kompyuta unazimwa, mipangilio mitano inabadilishwa kwa mkupuo mmoja, na usiku unaingia bila mtu yeyote kujua kama kosa limesogea hata hatua moja.

Hoja yangu ni kwamba watu hubahatisha kwa sababu wameanza na swali lisilofaa. Huuliza kosa ni nini kabla ya kuuliza kosa liko wapi. Swali la kwanza lina majibu mamia, lakini la pili lina majibu matano tu, kwa kuwa safari ya kutoka kwa mgeni hadi ndani ya seva ina vituo vitano: kifaa cha mgeni, kampuni inayotoa huduma ya intaneti, ruta ya nyumbani kwa mwenyeji, kompyuta yake pamoja na ulinzi wake, na mwisho programu ya seva yenyewe. Kila kituo kina jaribio dogo ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. Mtu anayevipima vituo hivyo kwa mpango hupata jibu ndani ya nusu saa, hata kama hajawahi kusomea kompyuta. Zaidi ya hapo, anaweza kugundua kwamba kosa haliko nyumbani kwake kabisa na hawezi kulirekebisha kwa mikono yake. Hilo nalo ni jibu, na lina thamani kubwa, kwa sababu linamzuia kuharibu vitu vilivyokuwa vizima.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye kioo cha mgeni, na wengi huupuuza kwa sababu umeandikwa kwa Kiingereza cha kifundi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya hayafanani. Maneno "Unknown host" yana maana kwamba jina la seva halikupatikana kabisa: ama limekosewa herufi, ama halijaunganishwa na anwani yoyote ya namba. Pakiti za mchezo, yaani vipande vya data vinavyosafirishwa, hazijaanza safari, kwa hiyo kuigusa ruta ya mwenyeji wakati huo ni kazi bure. Maneno "Connection refused" yana habari njema ndani yake: pakiti zimesafiri, zimefika kwenye mashine fulani, na mashine hiyo imejibu kwamba kwenye poti iliyoombwa, yaani mlango wenye namba, hapokelewi mtu. Njia ipo, mara nyingi kinachokosekana ni programu ya seva kuwa hewani, au namba ya poti imekosewa. Maneno "Connection timed out" ni habari nyingine kabisa. Mgeni amepiga hodi, hakuna aliyesema karibu wala aliyemfukuza, na muda wa kusubiri umekwisha. Ukimya huo huashiria kwamba anwani si sahihi, au pakiti zimetupwa njiani na mlinzi asiyesema neno. Na mgeni akiambiwa kwamba toleo la mchezo wake halilingani na la seva, au kwamba hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, mtandao hauna kosa hata kidogo: amefika, amezungumza na seva yenyewe, nayo imemkatalia kwa sababu zake. Watu wanne wanaolalamika kwa sauti moja kwamba seva haishiki wanaweza kuwa na matatizo manne yasiyo na undugu.

Baada ya kusoma dalili, vipimo vianze ndani kuelekea nje. Programu ya seva huandika kila inalolifanya kwenye dirisha lake na kwenye faili la kumbukumbu. Ikiwashwa kwa mara ya kwanza hujizima baada ya muda mfupi, kwa sababu mwenyeji hajakubali masharti ya matumizi katika faili liitwalo eula.txt, na asiyejua hilo hudhani seva inaendelea kufanya kazi kimyakimya. Ikiwaka sawasawa huandika neno "Done". Ikiandika "FAILED TO BIND TO PORT", maana yake imeshindwa kukalia poti yake, ambayo kwa kawaida ni namba 25565, ama kwa sababu nakala nyingine ya seva bado inaikalia, ama kwa sababu mtu amejaza anwani isiyo ya kompyuta hiyo kwenye mstari wa server-ip katika faili la mipangilio. Kwa seva ya nyumbani, mstari huo huachwa mtupu. Jaribio la kituo hiki ni moja: mwenyeji afungue mchezo kwenye kompyuta hiyo hiyo na kuandika 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta huitumia kujiita yenyewe. Akiingia, programu imetoka kwenye orodha ya washukiwa. Asipoingia, ruta haihusiki, maana pakiti hizo hazikutoka nje ya kompyuta.

Kompyuta na ulinzi wake hupimwa kwa kifaa kingine kilicho kwenye waifai ile ile, chenye toleo lile lile la mchezo. Mwenyeji atafute anwani ya ndani ya kompyuta yake, ambayo kwenye Windows huonekana kwa amri ya ipconfig na mara nyingi huanza na 192.168, kisha ajaribu kuingia kwa anwani hiyo. Kikwazo cha kawaida hapa ni ukuta wa moto, yaani ile programu ya ulinzi inayoamua pakiti gani ziingie na zipi zitupwe. Seva inapowashwa mara ya kwanza, Windows humuuliza mwenyeji kama anairuhusu Java ipokee wageni. Anayebonyeza kitufe cha kughairi kwa haraka huacha nyuma yake amri ya kuzuia, nayo hubaki hapo hata baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa. Pia Windows hutofautisha mtandao wa umma na mtandao binafsi. Ruhusa iliyotolewa kwa mmoja haifanyi kazi kwenye mwingine. Na kama kifaa cha pili kimeunganishwa kwenye waifai ya wageni, ruta nyingi huzuia kwa makusudi vifaa hivyo visizungumze na vingine vya nyumbani. Wapo wanaotegemea amri ya ping, iliyobuniwa na Mike Muuss Desemba 1983, ambayo hutuma pakiti ndogo na kusubiri irudi. Ni chombo kizuri, lakini kina mpaka wake: hueleza kama mashine inajibu, haielezi kama poti ya mchezo iko wazi, na ukuta wa moto wa Windows mara nyingi hauijibu kabisa. Ping ikikosa jibu, usihukumu kwa hilo peke yake.

Ruta ndiyo inayowachanganya wengi, na desturi yetu ya sanduku la posta inaweza kutusaidia kuielewa. Shule ya bweni ina S.L.P. moja. Wanafunzi mia tano wanaandika barua, na kila barua inatoka ikiwa na namba ile ile ya sanduku. Karani wa shule ana daftari: fulani amemwandikia shangazi yake Tabora, fulani amemwandikia baba yake Kisumu. Majibu yakija, karani anaangalia daftari na kumpa kila mmoja barua yake. Ruta ya nyumbani hufanya kazi hiyo hiyo. Kompyuta, simu na runinga zote hutoka nje kwa anwani moja ya umma, na ruta hukumbuka nani aliomba nini. Utaratibu huu ulielezwa katika waraka wa kiufundi wa Mei 1994 kama njia ya kupunguza matumizi ya anwani, nao umeenea dunia nzima. Kwa mtu anayesoma habari au kuangalia video hauna tatizo, kwa sababu yeye ndiye anayeandika barua ya kwanza. Mwenyeji wa seva yuko upande wa pili: anapokea barua kutoka kwa watu ambao hajawaandikia. Karani anapata bahasha yenye namba ya sanduku tu, daftari halina kumbukumbu yake, hajui ampe nani, anaitupa. Mgeni huko aliko anaona "Connection timed out".

Dawa yake ni kumwachia karani maagizo: barua yoyote yenye alama 25565 ipelekwe kwenye kompyuta fulani. Mafundi huita kazi hiyo kuelekeza poti, na hufanyika kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Makosa yake yanajirudia sana. La kwanza ni anwani ya ndani iliyopitwa na wakati. Ruta hugawa anwani upya kila baada ya muda, hasa umeme ukikatika na kurudi, kwa hiyo kompyuta iliyokuwa na anwani 192.168.1.5 jana inaweza kuwa na 192.168.1.9 leo, wakati agizo bado linaelekeza kwenye 5. Mwenyeji aitengee kompyuta yake anwani ya kudumu ndani ya ruta. La pili ni aina ya usafiri. Toleo la Java, linalochezwa kwenye kompyuta, hutumia TCP kwenye poti 25565. Toleo la Bedrock, ambalo ndilo la simu, hutumia UDP kwenye poti 19132. Anayefungua TCP kwa ajili ya wageni wa simu amefungua mlango ambao hawaupiti, na simu yenye Bedrock haiingii kwenye seva ya Java bila programu ya kati ya kutafsiri, kama Geyser. La tatu ni jaribio la uongo: mwenyeji anaandika anwani yake ya umma akiwa ndani ya nyumba yake, anashindwa, anakata tamaa. Ruta nyingi hazijui kutoa barua nje na kuirudisha ndani kwa mlango huo huo. Jaribio la kweli hufanywa kutoka nje, kwa simu iliyozimwa waifai na kutumia bando lake, au kwa rafiki aliye mbali.

Kuna hali ambayo mwenyeji amefanya yote hayo sawasawa na mgeni bado hapati jibu. Katika hali hiyo ndipo kubahatisha huumiza zaidi, kwa sababu kosa limepita mipaka ya nyumba. Anwani za IPv4 zinazotumiwa na sehemu kubwa ya intaneti ni 4,294,967,296 tu, na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Tarehe 3 Februari 2011 mamlaka ya kimataifa ya kugawa anwani ilitoa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila kanda. Shirika la Afrika, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, lilidumu na akiba kuliko wenzake, lakini nalo liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja laki kadhaa haiwezi kumpa kila mmoja anwani yake, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa mfano wetu, lile sanduku si la shule tena. Ni la ofisi ya elimu ya wilaya, na shule kadhaa zinalitumia. Maagizo uliyompa karani wako ni sahihi, ila barua zinaishia wilayani, ambako hujulikani na huna mamlaka ya kuagiza lolote. Wanaotumia intaneti ya laini ya simu, au ruta zenye laini ndani yake, mara nyingi wako katika hali hii.

Kuthibitisha hilo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fungua ukurasa wa ruta na usome anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha tafuta kwenye intaneti tovuti inayokuonyesha anwani yako ya umma. Namba mbili zikifanana, anwani ni yako na kosa litafutwe ndani. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja; fungu hilo la pili lilitengwa rasmi kwa kazi hiyo Aprili 2012. Kuanzia hapo hakuna mpangilio wa ruta yako utakaosaidia, lakini njia bado zipo. Unaweza kumwomba mtoa huduma akupe anwani ya umma, jambo ambalo baadhi yao hulifanya kwa malipo ya ziada. Ikiwa wewe na wageni wako wote mna IPv6, ambayo anwani zake ni nyingi kiasi kwamba hakuna haja ya kushirikiana, mnaweza kufikiana moja kwa moja mradi ulinzi wa ruta uruhusu. Unaweza pia kutumia huduma ya handaki, ambapo kompyuta yako ndiyo inayotoka kwanza kwenda kwenye mashine yenye anwani ya umma, na wageni wakapitia huko. Au wote mjiunge kwenye mtandao binafsi kwa programu kama Tailscale au ZeroTier, na kompyuta zenu zionane kana kwamba ziko sebule moja.

Mtu mwenye uzoefu anaweza kuupinga mpangilio huu kwa kusema kwamba kuanza ndani kabisa ni kupoteza muda. Ana hoja. Jaribio la kituo cha kati likifaulu, vituo vyote vilivyo ndani yake vimesafishwa kwa pamoja: kifaa cha pili kikiingia kwa waifai, hakuna haja ya kuuliza kama seva imewaka. Kwa hiyo anayejua njia anaweza kuanza katikati na kugawa safari nusu kwa nusu. Lakini hoja hiyo inaimarisha mpango wenyewe. Anayeanza ndani na anayeanza katikati wote wawili wanapima kituo kimoja kwa wakati mmoja, wanabadilisha kitu kimoja, na wanajua kila matokeo yanathibitisha nini. Anayebahatisha hubadilisha vitu vitano kwa pamoja. Hata akifaulu hajui kilichomponya, na tatizo likirudi wiki ijayo ataanza upya.

Wengine husema: zima ukuta wa moto wote, fungua poti zote, mchezo utashika. Kama jaribio la dakika moja ndani ya mtandao wa nyumbani, kuzima ulinzi kunaweza kuonyesha kama ulinzi ndio unaozuia, kisha uwashwe na ruhusa itolewe kwa seva peke yake. Kama tiba, ni hatari. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi inaweza kupiga hodi kwenye poti moja ya anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Hivyo kudhani kwamba hakuna anayeijua kompyuta yako ya mtaani ni kujidanganya. Na Desemba 2021 wenye seva za Minecraft walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukumbwa na udhaifu wa Log4j, programu ndogo ambayo toleo la Java huitumia kuandika kumbukumbu: ujumbe mfupi kwenye gumzo la mchezo ulitosha kumpa mtu baki nafasi ya kuendesha amri kwenye kompyuta ya seva. Mojang ilitoa toleo la marekebisho, 1.18.1, tarehe 10 Desemba 2021. Ukuta wa moto usingeuzuia udhaifu huo, kwa kuwa ulipita kwenye mlango uliofunguliwa kwa makusudi. Kama mlango mmoja unaousimamia unaweza kukuletea hatari kiasi hicho, kufungua milango yote usiyoisimamia hakuna utetezi. Fungua poti moja, sasisha seva kila toleo jipya linapotoka, na tumia orodha ya wanaoruhusiwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la anayesema: kwa nini uteseke, si ukodi seva kwenye kampuni? Kwa aliye nyuma ya anwani ya pamoja, au ambaye umeme wake haukai, kukodi kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo utoke kwenye vipimo, ili mtu ajue anachokilipia. Seva ya kukodi huondoa matatizo ya ruta na ya anwani, lakini haiondoi toleo lisilolingana, jina lililokosewa, wala orodha ya wanaoruhusiwa. Na inaweza kuleta tatizo jipya, la umbali. Ndani ya mkongo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hugharimu angalau milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na pakiti ilichukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Leo hali ni nzuri kuliko zamani, lakini mchezaji wa Nairobi anayetumia seva iliyo London bado hawezi kushuka chini ya milisekunde 65, hata kama waya ungenyooka, nao haunyooki. Seva iliyo mtaa wa pili, ikiwa watoa huduma wawili wanabadilishana pakiti hapa hapa nchini, kwenye vituo kama KIXP cha Nairobi au TIX cha Dar es Salaam, inaweza kujibu kwa muda mfupi zaidi.

Na hata hapo, kusuasua kwa mchezo kusihesabiwe moja kwa moja kuwa kosa la mtandao. Seva ya Minecraft husogeza ulimwengu wake mara 20 kwa sekunde, yaani hatua moja kila milisekunde 50. Kompyuta ikilemewa ikashindwa kumaliza hatua kwa muda huo, huandika kwenye kumbukumbu onyo linaloanza na "Can't keep up", na wachezaji wote hukwama kwa pamoja, hata aliyekaa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mtandao ukiwa mbovu, hukwama mmoja au wawili huku wengine wakiendelea. Tofauti hiyo peke yake humwambia mwenyeji kama aongeze nguvu ya kompyuta au ashughulikie intaneti, kabla hajatoa hata shilingi.

Mwisho kuna wanaouliza kwa nini gazeti lihangaike na michezo ya watoto. Wajiulize kwa nini kamera ya duka huangaliwa kwa kupitia kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, wakati duka na mwenye duka wako mji mmoja. Sababu mojawapo ni yule karani wa sanduku: mwenye duka hawezi kuifikia kamera yake moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo kamera hutoka yenyewe kwenda kwa mtu wa tatu. Shule inayotaka wanafunzi wafikie maktaba yake ya kidijitali wakiwa nyumbani, zahanati inayotaka tawi lake lisome kumbukumbu za wagonjwa, redio ya jamii inayotaka kurusha matangazo kutoka kwenye kompyuta yake, wote watakutana na vituo vile vile vitano. Kijana aliyeweza kueleza kwa nini rafiki yake hakuingia kwenye mchezo amekwisha kujifunza kazi ambayo ofisi nyingi humlipa fundi kuifanya, na amejifunza mahali ambapo kukosea hakumdhuru mgonjwa wala kupoteza mshahara wa mtu.

Kwa hiyo ewe mwenyeji, seva yako ikigoma, weka kalamu na karatasi kando ya kompyuta kabla ya kugusa mpangilio wowote. Andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, neno kwa neno. Andika kama uliingia kwa 127.0.0.1, kama kifaa kingine kiliingia kwa waifai, na kama simu iliingia kwa bando kutoka nje. Andika kama anwani ya ruta inafanana na ile inayoonekana kwenye intaneti. Ukiwa na majibu hayo huenda usihitaji msaada wa mtu. Na ukihitaji, mpe fundi karatasi hiyo kwanza, kwa sababu itamwonyesha pa kuanzia.